Inzi wa usoni na macho ya ng'ombe wa nyama: fanya hivi

Mvua zikishika, kuanzia Mbarali hadi Mufindi, inzi huongezeka na ugonjwa wa macho hufuata. Bakteria anayeuleta anaitwa Moraxella bovis. Inzi hunyonya machozi ya ng'ombe mgonjwa, kisha humhamishia mzima bakteria huyo.

Hatua ya 1. Tazama kope, usitazame rangi ya mwili. Hereford na chotara wake wenye kope za waridi huumia zaidi, maana jua kali huchoma jicho na bakteria hupata pa kuingilia. Simmental wa uso mweupe ni vivyo hivyo. Boran na zebu wetu mwekundu wa Iringa wenye kope nyeusi wanahimili zaidi, ingawa nao huugua. Ndama ndio wa kukaguliwa kwanza.

Hatua ya 2. Kagua asubuhi kabla ya kuwatoa zizini. Machozi yanayochirizika shavuni na jicho linalokwepa mwanga ndio mwanzo. Ukisubiri, utakuta doa jeupe katikati ya jicho. Funua kope pia. Ukiona vinyoo vyeupe vinatembea, hiyo ni Thelazia, nayo huletwa na inzi, lakini OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya sindano ya kuua bakteria) haiiui. Mwite afisa mifugo akupe ya minyoo.

Hatua ya 3. Tibu siku hiyohiyo. OTC ya asilimia 20 ni ml 1 kwa kila kilo 10, kwenye msuli. Ng'ombe wa kilo 300 anapata ml 30, igawe na kuichoma sehemu tatu tofauti za mwili, siku hiyohiyo. Mweke kivulini. Jicho lenye kidonda usilitie dawa yenye deksamethasoni (steroidi ya kupunguza uvimbe), linaweza kutoboka. Tumbaku, chumvi na sukari waachie wanaopenda ng'ombe vipofu. Kabla ya kumpeleka mnadani, hesabu siku za kusubiri dawa iishe mwilini, zilizoandikwa kwenye chupa.

Hatua ya 4. Wengi wetu tukishika bomba tunawaza kupe tu, tunanyunyiza tumbo na masikio, uso unabaki mkavu. Vaa glavu, lowesha kitambaa kwa dawa ya kuogeshea iliyokwisha kuchanganywa, pangusa paji na mashavu, isiingie machoni. Mavi mabichi ndiko inzi hutaga, kwa hiyo yatoe zizini na kuyatandaza juani yakauke. Kuku wa kienyeji watamalizia funza.

Na ukienda kununua dume, mfunue kope kabla ya kutaja bei.