Siku ya mechi Uingereza: gari, kibao cha mtaani na barua iliyokwenda anwani ya zamani

Kama unakwenda kuangalia mechi Wembley, Emirates, Tottenham au Old Trafford na unaweza kwenda bila gari, nenda bila gari. Lakini watu wetu tunawajua: kuna watoto watatu wa kubeba, kuna mjomba aliyekuja kutembea na goti lake halitaki ngazi za treni, kuna mechi ya usiku inayoisha treni ya kurudi ikiwa imeshaondoka. Basi gari litatoka. Likishatoka, kinachowaumiza watu zaidi si faini ya maegesho. Ni barua ya hiyo faini, iliyokwenda kwenye nyumba uliyohama miaka miwili iliyopita. Yanayofuata ni ya England na Wales. Scotland ina taratibu zake.

Kabla ya kuwaza uwanja, toa kadi ya gari. Nairobi wanaita logbook, huku ni V5C. Angalia anwani iliyoandikwa pale. Ikiwa si unapolala leo, ibadilishe leo. Ni bure, inafanyika kwenye tovuti ya serikali, na unachohitaji ni ile namba ya tarakimu 11 iliyo kwenye kadi yenyewe. Usiseme "nilishabadilisha kwenye leseni". Leseni ni rekodi moja na kadi ya gari ni nyingine. Kubadilisha moja hakubadilishi nyingine, na hapa ndipo wengi walipokamatwa. Kutowaarifu DVLA, wakala wa serikali wa magari na leseni, kwamba umehama ni kosa lenye faini ya hadi pauni 1,000, lakini hiyo si hasara kubwa. Hasara kubwa ni kwamba kaunsili, kampuni ya maegesho na polisi wote wanaipata anwani yako kutoka kwenye rekodi hiyohiyo. Mahakama nayo itatuma pale kampuni ilipoiambia itume.

Tunahamahama sana sisi. Chumba cha kwanza kwa binamu, halafu nyumba ya kupanga ya watu sita, halafu nyingine karibu na kazi. Barua za kwenye nyumba ya watu sita hurundikana juu ya hita ya korido, bahasha za kahawia chini, za pizza juu, na hakuna anayezigusa kwa sababu kila mmoja anadhani ni za mwingine. Humo ndani ndimo kesi yako inapoendelea bila wewe. Pauni 100 za maegesho ya binafsi zikikaa bila jibu huongezewa 70 za mkusanya madeni, kisha 35 za ada ya mahakama, kisha 50 za wakili. Usipojitokeza, inatolewa hukumu ya upande mmoja, na hukumu hiyo inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka sita. Ukiilipa ndani ya mwezi mmoja tangu itolewe, inafutwa kwenye daftari. Lakini utailipaje ndani ya mwezi hukumu ambayo hujui kwamba ipo? Watu huigundua siku wanapoomba mkopo wa nyumba, au wakala wa kupangisha anapowakatalia chumba. Kuomba mahakama iitengue kunagharimu zaidi ya pauni 300, kushinda deni lenyewe. Narudia: kadi ya gari, anwani, leo.

Sasa kibao. Maeneo yanayozunguka viwanja vikubwa yana kanda za maegesho za siku ya mechi au ya tukio. Siku za kawaida unapaki mtaa huo bila tatizo, siku ya mechi ni wenye vibali tu. Mtego ni huu: kibao kinachotangaza kanda hakipo mbele ya gari lako. Kipo mwanzoni mwa kanda, kimoja kila upande wa barabara, pale ulipokuwa unamsikiliza mama wa kwenye ramani akikuambia kata kushoto. Ukishakipita, ndani ya kanda mstari mmoja wa njano hauhitaji kibao chake. Utashuka, utaangalia kulia na kushoto, hutaona katazo, utaona magari mengine yamepaki. Yale mengine ni ya wakazi, na wana vibali.

Kanda hizi ni pana. Dakika 20 au 30 za kutembea kutoka getini bado unaweza kuwa ndani. Zinatumika pia kwa tamasha za muziki, ngumi, na Tottenham hata kwa ule mpira wao wa Kimarekani, kwa hiyo mtu anaweza kunaswa siku ambayo hakuna soka kabisa. Angalia kwenye tovuti ya kaunsili yenyewe: Brent kwa Wembley, Islington kwa Emirates, Haringey kwa Tottenham, Newham kwa uwanja wa West Ham, Hammersmith and Fulham kwa Chelsea na Fulham, Trafford kwa Old Trafford. Soma mipaka ya kanda na saa zake. Zingatia saa: kibao kinahesabu Kizungu. Mjomba akisomewa kwamba katazo ni mpaka saa nane na nusu, atasikia alasiri au usiku wa manane. Kumbe ni 8.30pm, saa mbili na nusu usiku. Kwenye kundi la WhatsApp la safari andikeni saa kwa tarakimu na am au pm, na muwe mmemaliza.

Wageni wetu wakishuka tu hutafuta kijana wa kumwachia gari, "tutampa kitu". Wapendwa, hapa hakuna kijana. Mkaguzi akishaingiza namba ya gari kwenye kile kimashine hakuna mazungumzo yatakayomrudisha nyuma, na ukimwonyesha noti umejiongezea kosa la pili. Wenyeji hawagombi, wanaandika. Mtu atakayekuomba radhi wewe uliyemkanyaga ndiye huyohuyo atakayekupeleka mahakamani kwa pauni 100 bila kupandisha sauti. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya nchi. Na kwenye suala la kanda, kwa haki, wakazi hawana kosa. Watu 60,000 wakifika mtaani kwenu kila baada ya wiki mbili, nawe ungetaka kibao.

Pa kupaki kwa salama ni kwenye ua wa mbele wa nyumba ya mtu, uliokodi mapema kwa programu kama JustPark, au shule na kanisa linalofungua uwanja wake siku ya mechi. Uliza mambo mawili: barabara ya kuingilia inafungwa saa ngapi, na gari la kwanza kuruhusiwa kutoka linatoka saa ngapi. Barabara za jirani na uwanja hufungwa kabla ya mechi na tena baada ya kipenga cha mwisho, na ua uliolipia unaweza kuwa nyuma ya kizuizi. Ukisimamishwa barabarani na mtu mwenye fulana ya kung'aa anayetaka pesa taslimu, hakuna bango la bei wala risiti, endesha uende.

Maegesho ya supamaketi na maduka yaliyo karibu na uwanja ni mtego wa pili kwa ukubwa. Kamera inapiga picha ya namba ukiingia na ukitoka, basi. Kununua mkate kisha kwenda kwenye mechi hakukuokoi: masharti husema mteja abaki kwenye eneo, na siku za mechi muda unaoruhusiwa hupunguzwa. Penye mashine ya kulipia, andika namba ya gari taratibu. Herufi O na sifuri zimewatesa wengi. Hifadhi risiti, piga picha ya bango la masharti na ya gari lilivyokaa. Muda uliolipia ukiisha una dakika 10 za ziada za kutoka, lakini foleni ya magari ya watu waliotoka uwanjani inazimaliza hizo dakika 10 na nyingine 30 juu yake. Lipia saa nzima zaidi ya unavyodhani.

Ukikuta karatasi kwenye kioo au ukipokea barua, soma maneno matatu ya juu kabla ya kufanya lolote. Penalty Charge Notice ni ya kaunsili. Parking Charge Notice ni ya kampuni binafsi. Zote huitwa PCN, na makampuni hayana haraka ya kukusaidia kuzitofautisha. Dawa ya moja haitibu nyingine.

Ya kaunsili ni ya kisheria, na anayedaiwa ni mwenye gari hata kama aliyeendesha ni shemeji. London inaweza kufika pauni 160. Ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu. Ukipinga kwa maandishi ndani ya siku hizo 14, kaunsili nyingi hukurudishia nafasi ya nusu bei wakikukatalia. Wakikataa, subiri Notice to Owner, ile inayokwenda kwenye anwani ya V5C, nawe una siku 28 za kuweka pingamizi rasmi. Wakikataa tena, nenda kwenye baraza la rufaa: London Tribunals kwa London, Traffic Penalty Tribunal kwingineko. Halina ada. Ukinyamaza, deni linaongezeka nusu yake tena, linasajiliwa mahakamani, na madalali wa mahakama wanakuja na wanaweza kufunga tairi la gari lako. Kama barua hazikukufikia kweli, kuna fomu TE9, na TE7 kama umechelewa. Zinarudisha shauri nyuma, na hazina ada pia. Usisaini uongo humo. Ni tamko mbele ya mahakama.

Ya kampuni binafsi ni madai ya mkataba, si jinai. Haikuwekei rekodi ya uhalifu. Hawaruhusiwi kufunga gari lako mnyororo kwenye ardhi binafsi. Sheria iliizuia tangu Oktoba 2012. Usilipe kwa woga, na usiitupe. Haya mawili yameharibu watu sawasawa. Ushauri wa "hizo barua zipuuze tu", unaopita kwenye makundi yetu mpaka leo, ni wa zamani. Leo wanashtaki kweli. Ndani ya siku 28 andika rufaa kwa kampuni kama mwenye gari, bila kutaja nani aliendesha. Usiandike "nilipaki". Andika "gari liliegeshwa". Sababu ni hii: kama hawakuacha karatasi kwenye kioo na wamekukamata kwa kamera, barua yao lazima imfikie mwenye gari ndani ya siku 14 baada ya siku ya tukio, la sivyo hawawezi kumhamishia deni la dereva. Ukishajitaja kuwa ndiwe dereva, utetezi huo umeutupa mwenyewe. Wakikataa, watakupa namba ya kwenda POPLA au IAS, wasikilizaji wa rufaa za maegesho ya binafsi, kutegemea kampuni imo kwenye chama kipi cha maegesho. Ikija hati ya madai ya mahakama, hiyo si barua ya vitisho tena: kiri kuipokea ndani ya siku 14, utapata jumla ya siku 28 za kuleta utetezi.

Ila usichanganye hili na barua ya polisi ya mwendo kasi. Hapo ni lazima umtaje dereva ndani ya siku 28. Kukaa kimya ni pointi sita kwenye leseni. Gari la kukodi nalo lina mambo yake: kampuni ya kukodisha itatoa jina lako na kukata ada ya usumbufu kwenye kadi, faini ikiwa bado inakusubiri.

London yote sasa imo ndani ya ULEZ, eneo ambalo magari yanayochafua hewa hutozwa. Gari la petroli la kabla ya 2006 hivi au la dizeli la kabla ya Septemba 2015 huenda likadaiwa pauni 12.50 kwa siku, na siku inaanza na kuisha saa sita usiku. Mechi ikianza 8pm, mkala chakula, mkakwama kwenye foleni na kuondoka London baada ya saa sita, mmelipia siku mbili. Hakuna geti wala mtu wa kukudai. Unalipa mwenyewe mtandaoni kabla ya usiku wa siku ya tatu baada ya safari kuisha. Usipolipa, barua ya pauni 180 inakwenda wapi? Kwenye V5C. Wa kutoka Kent na Essex wakumbuke kivuko cha kulipia cha Dartford (daraja na mahandaki ya mto Thames), nacho hakina kizuizi, na mwisho wa kulipa ni usiku wa kesho yake.

Mnaokodi basi dogo kwa kuchanga: leseni ya kawaida ya gari inabeba abiria wanane, si zaidi. Leseni ya nyumbani inatumika miezi 12 tangu uanze kuishi hapa, hata kama juu yake imeandikwa mpaka 2030. Na kwa sheria ya 1985, pombe ni marufuku ndani ya basi linalokwenda kwenye mechi, likiwamo dogo la abiria zaidi ya wanane. Hata kopo ambalo halijafunguliwa.

Kwa treni mambo ni mepesi. Wembley Park kwa Wembley, Finsbury Park au Arsenal kwa Emirates, White Hart Lane au Seven Sisters na kutembea nusu saa kwa Tottenham, Metrolink, tramu za Manchester, kwa Old Trafford. Begi liwe dogo, simu iwe na chaji maana tiketi imo humo. Everton wamehama Goodison Park tangu 2025, wako Bramley-Moore Dock, kituo ni Sandhills. Goodison sasa wanachezea wanawake, kwa hiyo ramani bado itakupeleka huko ukiandika jina la zamani. Usinunue treni wala ua wa kupaki kabla televisheni haijachagua mechi zake. Ya Jumamosi huhamia Jumapili au Jumatatu, tiketi yako ya uwanjani inahama nayo, ya treni ya bei nafuu haihami bila kulipia mabadiliko, na ua uliokodi bado ni wa Jumamosi mpaka umwandikie mwenyewe mwenye ua kubadilisha siku.