Jinsi ya kulipa ankara ya maji kwa kontro namba, na safari ya pesa mpaka ifike kwenye akaunti yako

Mama mmoja alifika dirishani kwetu saa mbili asubuhi, simu mkononi. Maji yake yalikatwa jana yake. Nilipomwamkia aliitikia tu, akainyoosha simu: "Mwanangu, mimi nimelipa. Meseji hii hapa, soma mwenyewe."

Nikasoma. Kweli alilipa shilingi 31,000 siku nne kabla. Nikafungua akaunti yake kwenye mfumo, nikakuta deni liko palepale. Nikamwomba tuisome pamoja ile kontro namba, yaani namba ya malipo aliyolipia, tarakimu moja moja. Namba ilikuwa halali, haikukosewa hata tarakimu moja, ila ilikuwa ya nyumba aliyokuwa amepanga mwaka uliopita. Pesa yake ilifika salama, ikapunguza deni la mtu mwingine.

Nipo kitengo cha ankara kwenye mamlaka ya maji ya mji mmoja hapa Tanzania, na kesi za namna hii napokea kila wiki. Chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: mlipaji anadhani mfumo unamjua yeye. Mfumo haukujui. Unaijua namba. Pesa itafuata namba popote iendako, hata kama jina lako, simu yako na nia yako vyote vinaelekea kwingine. Ndiyo maana nataka nikupitishe safari nzima, upande wako na upande wetu wa ndani usiouona.

Hatua ya 1: Hakiki ankara kabla hujawaza kulipa

Ankara inaanzia kwenye mita. Msoma mita anapita na simu yenye programu ya kazi, anaingiza namba anayoiona, mara nyingi anapiga na picha. Mfumo unachukua usomaji wa leo, unatoa wa mwezi uliopita, unazidisha kwa bei.

Siku ileile akipita, nawe toka ukasome. Kwenye mita nyingi za maji tarakimu nyeusi ndizo uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Nyekundu ni lita zisizotimiza uniti, hizo ziache. Tuseme mwezi uliopita ilisoma 1482 na leo inasoma 1496. Umetumia uniti 14. Kama bei yenu ni shilingi 1,650 kwa uniti, hiyo ni 23,100. Ukiwa na deni la nyuma la 6,400, ankara itakuja 29,500, pamoja na tozo zozote zilizoandikwa wazi kwenye ankara yenyewe.

Ikija 194,500, usilipe kwanza halafu ulalamike. Piga picha ya mita, njoo nayo. Tarakimu moja iliyoingizwa vibaya, 1596 badala ya 1496, inakuongezea uniti 100 kwa kupepesa jicho. Marekebisho ni rahisi kabla ya malipo kuliko baada yake.

Hatua ya 2: Elewa namba inatoka wapi

Kontro namba, ambayo kwenye karatasi za serikali utaikuta imeandikwa kumbukumbu namba ya malipo, hatuitungi sisi ofisini. Ankara ikishakamilika, mfumo wetu unatuma maombi kwenye GePG, lango la malipo ya serikali lililoanza kazi mwaka 2017 chini ya Wizara ya Fedha. Maombi yanabeba jina la mteja, simu, kiasi, maelezo ya malipo na tarehe ya mwisho, na yanatiwa saini ya kidijiti ili lango lijue ni sisi kweli tunaoomba. Lango linarudisha namba ya tarakimu 12, inayoanza na 99.

Waliolipa ankara kabla ya hapo wanakumbuka: unakwenda benki, unapanga foleni, unajaza karatasi ya kuweka pesa, halafu unapanda daladala kuileta karatasi dirishani ili uandikiwe risiti. Karatasi ikipotea, umelipa lakini huna ushahidi. Namba moja imeondoa safari mbili.

Kuna jambo moja kwenye maombi hayo ambalo wateja hawaambiwi, na linawasumbua sana. Kila ankara inawekewa aina ya malipo. Ipo inayokubali ulipe kidogo kidogo, ipo inayotaka kiasi chote au zaidi, na ipo inayotaka kiasi kilekile bila kupungua wala kuzidi shilingi. Ndiyo sababu namba ya maji inaweza kupokea 10,000 yako leo na nyingine wiki ijayo, lakini namba ya ada fulani au faini inakataa usipoweka kiasi kamili. Simu yako haijaharibika.

Na namba ina tarehe ya kufa. Muda ukipita, lango linaikataa. Hapo usihangaike na mtandao, omba namba mpya. Taasisi nyingine humpa mteja namba moja ya kudumu, nyingine hutoa mpya kwa kila ankara. Uliza ya kwenu ni ipi, uiandike mahali.

Hatua ya 3: Ipate namba kwa njia inayoaminika

Meseji ya ankara inakuja ikiwa na jina la taasisi, si namba ya simu ya mtu. Ukiipoteza, piga *152*00# ufuate menyu ya huduma za serikali mpaka kwenye maji, au fika ofisini.

Kila Mtanzania anaijua meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Siku hizi wapo wanaoivalisha sare ya maji au umeme: "Unadaiwa, lipa sasa hivi kwa namba hii usikatiwe," na inayofuata ni namba ya simu inayoanza na 06 au 07. Ankara ya serikali hailipwi kwenye laini ya mtu, hata kama mtu huyo amevaa kitambulisho na amesimama mlangoni kwako na koleo la kukatia.

Hatua ya 4: Lipa, lakini simama kabla ya namba ya siri

Fungua menyu ya mtandao wako: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money. Menyu hubadilishwa mpangilio mara kwa mara, kwa hiyo usikariri "nne, kisha tano". Tafuta palipoandikwa malipo ya serikali. Ingiza kontro namba, kisha kiasi.

Sasa simama. Skrini inayofuata ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo watu wanairuka kwa haraka kama vile ni tangazo. Hapo unaonyeshwa taasisi inayolipwa, na kwenye njia nyingi jina la mwenye ankara pia. Lisome. Yule mama angesoma jina lile angeona ni la mwenye nyumba wake wa zamani. Jina likiwa geni kwako, futa uanze upya. Likiwa sahihi, weka namba ya siri.

Ukilipia kwa wakala au benki, mwambie akusomee jina kabla hajamalizia. Wakala mzuri hatachukia.

Hatua ya 5: Subiri meseji mbili

Ukibonyeza tuma, mtandao wako unaliuliza lango: namba hii ipo? Muda wake haujaisha? Inadaiwa kiasi gani? Lango likijibu vizuri, pesa inatolewa kwenye salio lako na mtandao unaliarifu lango kwamba malipo yamefanyika. Lango linatuarifu sisi, mfumo wetu unaifungua akaunti yenye namba ile, unapunguza deni, unarudisha jibu kwamba taarifa imepokelewa. Mambo yakiwa sawa, yote haya hayafiki dakika moja.

Kinachosafiri kwa sekunde hizo ni taarifa. Pesa zenyewe zinafika benki baadaye, zikiwa zimejumlishwa na za wateja wengine. Deni lako linapungua kwa sababu ya taarifa, kwa hiyo taarifa ikikwama unaonekana hujalipa hata kama salio lako limeshapungua.

Ndiyo maana utapata meseji mbili. Ya kwanza inatoka mtandao wako, inasema pesa imetoka kwako. Ya pili inatoka kwetu, inasema imeingia kwenye akaunti na deni limebaki kiasi gani. Ya kwanza usiifute mpaka uione ya pili.

Hatua ya 6: Ya pili isipokuja

Usilipe tena. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimewaona watu wakilipa mara tatu kwa hofu ya kukatiwa. Malipo ya ziada hayapotei, yanakaa kama salio la ankara zijazo, lakini kama pesa ile ulipanga iwe ya unga au nauli ya mtoto, hairudi kwa urahisi.

Kuna Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi seva yetu ilizimika kuanzia mchana. Watu waliendelea kulipa, lango likaendelea kupokea, sisi hatukuwa na mlango wazi wa kupokelea taarifa. Jioni simu ya ofisi haikupumzika. Jumapili nilikaa na mwenzangu wa hesabu tukifanya kazi ambayo kwa kawaida hufanyika kila asubuhi: kulinganisha orodha. Tunaliomba lango orodha ya miamala yote ya jana, tunaiweka pembeni ya orodha yetu, kisha tunaiangalia na taarifa ya benki. Muamala uliopo kwa lango na haupo kwetu tunauingiza, na deni linapungua kwa tarehe uliyolipa, si tarehe tuliyouona. Tulimaliza giza limeingia, na hakuna aliyepoteza hata shilingi. Ila kuna waliolipa mara mbili kwa kutojua haya ninayokuandikia.

Kwa hiyo wape saa 24. Kama baada ya hapo bado kimya, njoo na vitu hivi: namba ya muamala kutoka kwenye meseji ya mtandao, kontro namba uliyoingiza, tarehe na kiasi, na namba ya akaunti yako ya maji. Namba ya muamala ndiyo uzi. Bila hiyo tunatafuta sindano, kwa sababu siku moja inaweza kuwa na watu wengi waliolipa 20,000.

Pesa ikiwa imeingia kwa mteja mwingine wa taasisi ileile, inahamishika: unaandika barua fupi, mhasibu anathibitisha, malipo yanahamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Yule mama tulimaliza naye hivyo na maji yakarudishwa mchana uleule, kwa kuwa alikuwa na meseji yake. Ikiwa imeingia taasisi tofauti kabisa, itabidi uiombe taasisi hiyo, na hapo uvumilivu unahitajika.

Umeme wa LUKU ni habari nyingine

Watu huuliza kwa nini LUKU haina mlolongo huu. Kwa sababu imepinduliwa: maji unatumia ndipo udaiwe, LUKU unalipa ndipo utumie. Na mita nyingi za LUKU hazijaunganishwa na mtandao wowote. Zile tarakimu 20 za tokeni ndizo barua yenyewe, zimefungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake. Ndani yake kuna uniti na alama ya muda, ili tokeni moja isitumike mara mbili.

Alama hiyo inahesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Ndiyo sababu mwaka ule ulipewa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja: mawili ya kwanza yalibadilisha ufunguo wa mita, la tatu ndilo lilikuwa na umeme. Waliolirukia la tatu kwa haraka mita iliwakatalia.

Na uniti zikiwa chache kuliko ulivyotarajia, soma makato kwenye meseji kabla ya kulaumu wakala. Kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani), fedha za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humohumo.

Kwa mnaochangia mita moja

Nyumba za kupanga zenye familia tatu kwenye mita moja ya maji zina ugomvi wa kudumu: nani amelipa, nani amekula pesa. Kama ankara yenu inakubali malipo ya sehemu, msimkabidhi mtu mmoja fedha taslimu. Gaweni kiasi, kila familia ilipe fungu lake kwa simu yake kwenye kontro namba ileile. Kwetu kila malipo yanaingia kwa mstari wake, na tarehe, kiasi na simu iliyolipa. Mkibishana, mwenye akaunti aje ofisini aombe taarifa ya malipo ya miezi mitatu. Tunaichapa, anaondoka nayo.