Mvua ya kwanza ya Machi: angalia upepo kabla ya kutoa mbegu

Miaka mingi, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mkulima wa Tanga, Kilimanjaro au Pwani hupata mvua moja nzito ya alasiri. Kesho yake mbegu ziko ardhini. Baada ya wiki mbili mahindi yana majani matatu, jua linawaka, na gharama ya mbegu imepotea.

Mvua ile haikuwa masika. Masika huletwa na ukanda mvua, yaani eneo ambako kaskazi, upepo mkavu unaotoka upande wa Arabuni, hukutana na kusi yenye unyevu wa Bahari ya Hindi. Pepo mbili zikikutana hewa haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, na unyevu wake unakuwa mawingu. Ukanda huu hulifuata jua: Januari uko kusini, kisha kati ya Machi na Mei unapanda kuelekea kaskazini.

Ulaya, hewa baridi na hewa ya joto hupakana kwenye mstari unaoonekana wazi, na baridi huingia ndani ya saa chache. Kwetu joto la pande mbili halitofautiani sana. Kinachotofautiana ni unyevu na mwelekeo. Kwa hiyo ukanda wetu ni mpana na hautembei sawasawa: unasogea, unarudi nyuma, unakatika vipande. Hapo ndipo hutokea zile siku kumi kavu zinazoua miche.

Mvua ya wingu moja huja na upepo wa ghafla na ngurumo, hudumu kama saa moja, na kijiji cha pili hakipati tone. Ukanda mvua ukifika, kaskazi hulegea siku kadhaa kabla, joto la usiku linakuwa la kunata, na mvua hugusa eneo kubwa kwa siku mfululizo. Karibu na bahari au mlima usidanganywe na upepo wa chini, maana hugeuka mchana na usiku. Tazama mawingu ya chini yanatokea wapi, upande wa kaskazi au wa kusi.

Kisha pima. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, liweke mbali na nyumba au mti angalau mara mbili ya urefu wa nyumba au mti huo, na usome kwa rula kila siku saa tatu asubuhi. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Subiri milimita 20 au zaidi ndani ya siku mbili au tatu, halafu chimba kwa jembe sentimita 20. Udongo wa chini ukishikana kiganjani, panda mahindi kwa kina cha sentimita 5. Ukikuta vumbi, subiri, hata kama jirani amemaliza.

Mwenye udongo mzito mweusi, usiolimika ukilowa, anaweza kupanda kabla ya mvua, ila afukie sentimita 7 hadi 8 ili manyunyu yasiamshe mbegu. Maharage hapana: kwa kina hicho hushindwa kuchomoza.

Mbolea nayo hufuata hesabu hiyohiyo. DAP, mbolea ya kupandia, kizibo kimoja cha soda kwa shimo, ifunikwe na udongo kabla ya kuweka mbegu. Ardhi ikikauka, mbolea iliyogusa mbegu huiunguza. Urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu kidogo, sehemu ya naitrojeni hupotea hewani. Ifukie, sentimita 10 kutoka kwenye shina.

Jambo moja zaidi huvuruga kila kitu: kimbunga katika Mlango Bahari wa Msumbiji. Mgandamizo mdogo wa hewa huvuta unyevu kuelekea kwake. Machi 2019, kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, masika yalichelewa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wakitangaza kimbunga upande huo, usitoe mbegu kabla ya kusikia utabiri wa siku kumi unaofuata.