Somo: Kreni ya mnara ya mfano (1:50), hatua kwa hatua, huku fundi anaongeza vyumba uani

Habari zenu wote. Uani kwangu Mbagala sasa hivi kuna lundo la kokoto, mchanga wa lori moja, mafundi wawili na saidia fundi wao. Tunaongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba, kimoja cha mama yangu na kimoja cha watoto. Aliyewahi kujenga anajua kwamba siku za kusubiri ni nyingi kuliko siku za kazi. Unasubiri zege likomae, unasubiri hela ya nondo, unasubiri mvua ikatike. Katika kusubiri huko, mimi na binti yangu wa darasa la sita tumejenga kreni ya mnara, ile ambayo mtaani wengi tunaiita winchi, kama zinazoonekana juu ya maghorofa ya Kariakoo na Posta.

Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: mfano wako uende sambamba na nyumba. Siku ya msingi tengeneza kitako, ukuta ukipanda pandisha mnara, wakipaua tengeneza mkono. Kila jambo analofanya fundi wa nyumba linakueleza jambo la kreni, na mabaki yanapatikana siku hiyo hiyo.

Vipimo kwanza

Kwa kipimo cha 1:50, mita moja inakuwa sentimita 2. Kreni yetu ni ya mnara wa mita 30 na mkono wa mita 40, kwa hiyo kwenye meza ni sentimita 60 kwenda juu na 80 kwenda mbele. Tofali la inchi sita lenye milimita 450 kwa 225 kwa 150 linakuwa la milimita 9 kwa 4.5 kwa 3. Tumekata hamsini hivi kwa ajili ya kunyanyulia.

Uzito una hesabu yake, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Hugawi kwa 50, unagawa kwa 50 mara tatu, yaani 125,000, kwa sababu kitu kimepungua urefu, upana na kimo kwa pamoja. Tani moja inakuwa gramu 8. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unakuwa gramu 0.4. Binti yangu alirudia hesabu hiyo mara tatu kwenye daftari kabla ya kuikubali. Kreni yetu inabeba tani 2.5 kwenye ncha ya mkono, maana yake gramu 20.

Vya kutafuta

Vijiti vya mishikaki kama 80 (vingine vitavunjika), gundi nyeupe ya seremala, gundi ya epoksi ya kuchanganya, uzi wa kushonea viatu, kebo moja ya breki ya baiskeli, bobini mbili za cherehani, vifungo vya shati, beringi mbili za feni ya dari iliyoungua, kipande cha nondo ya milimita 12 na mabaki ya marini bodi. Mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja ni ya lazima. Saruji na mchanga vipo uani.

Hatua ya 1: Kitako

Siku mafundi walipomwaga zege la msingi, tulikuwa na boksi letu la mbao tayari: sentimita 12 kwa 12, kina 3. Hiyo ni sawa na kitako cha mita 6 kwa 6 chenye kina cha mita 1.5. Nilimwomba fundi karai la mwisho, nikachekecha kokoto kubwa zitoke.

Kabla zege halijashika, simamisha misumari minne ya inchi tatu itakayoshika miguu ya mnara, vichwa chini, ncha juu. Usikadirie kwa macho. Toboa matundu manne kwenye kipande cha mbao, sentimita 4 kutoka tundu hadi tundu, upitishe misumari humo. Kwenye kreni halisi pia miguu hushikiliwa na fremu wakati wa kumwaga zege, na sababu ni hii: upande mmoja ukizama milimita 1 tu, kwa upana wa sentimita 4, kileleni mnara utakuwa umeinama milimita 15. Kwenye kreni ya kweli hizo ni sentimita 75. Weka pima maji juu ya mbao, pande zote mbili, kisha mwagilia maji siku saba kama unavyomwagilia msingi.

Siku hiyo fundi alinifundisha la nyumba pia. Alikataa kufunga ukuta mpya na ule wa zamani. Msingi wa zamani umeshakaa miaka, mpya bado utashuka kidogo. Ukivifunga pamoja, ufa utatokea pale pale kwenye maungio. Aliacha mwanya mwembamba wa kuzibwa baadaye kwa kitu kinachonyumbuka. Wenye mpango wa kuongeza vyumba lizungumzeni hilo na fundi mapema, sambamba na kibali cha ujenzi.

Hatua ya 2: Mnara

Mnara ni vipingili 10, kila kimoja upana sentimita 4 na kimo sentimita 6. Pigilia misumari midogo kwenye ubao ipange umbo la upande mmoja, halafu tengeneza pande zote juu ya ubao huo huo ili zifanane. Kila kipingili kina kijiti cha mlalo na cha mshazari. Mshazari ubadilishe mwelekeo kutoka kipingili hadi kingine. Ukipandisha, ning'iniza nati kwa uzi pembeni iwe timazi yako. Miguu ya chini ifunge kwenye misumari kwa uzi, kisha paka gundi juu ya uzi.

Hatua ya 3: Kiuno

Kiuno ni sehemu inayozunguka: kreni ya mnara ya aina hii huzunguka juu, mnara wenyewe umesimama. Feni ya dari ina beringi mbili. Zangu zilikuwa namba 6202, zenye kipenyo cha nje milimita 35 na tundu la milimita 15. Zinaingia vizuri ndani ya mnara wetu. Moja ikae kileleni, ya pili kipingili kimoja chini yake, kila moja ndani ya kipande cha marini bodi kilichotobolewa. Beringi moja peke yake itayumba na mkono wako utacheza juu na chini. Kile kipande cha nondo, urefu sentimita 12, ndiyo pini, izungushie tepu ya umeme mpaka ikaze kwenye tundu.

Hatua ya 4: Mikono miwili

Hii tuliifanya wiki ya kupaua. Binti yangu alikaa juu ya ndoo akitazama kenchi zinavyopigiliwa chini kabla ya kupandishwa, akaniuliza kwa nini fundi hatengenezi maboksi, ni pembetatu tu. Nilimpa vijiti vinne na misumari minne atengeneze mraba, akausukuma kwa kidole ukalala. Akaongeza kijiti cha mshazari, ukakataa. Baada ya hapo mikingamo ya mkono wa kreni aliifunga yeye mwenyewe, na sikumrekebisha.

Mkono wa mbele, ukiutazama kutoka kwenye ncha, uwe na umbo la pembetatu: vijiti viwili chini, vitakavyokuwa njia ya kitoroli (kigari kinachopeleka kulabu mbele na nyuma), na kimoja juu. Ungia vijiti kwa kuvilaza ubavu kwa ubavu sentimita 2, ukizungushia uzi. Wetu ulikuja na gramu 50 pamoja na kitoroli. Mkono wa nyuma ni sentimita 24, gramu 20 pamoja na bobini za kuzungushia kamba. Katikati simamisha kilele cha sentimita 12, na kutoka hapo vuta nyaya za kushikilia mikono yote miwili.

Kwa nyaya hizo tulianza na mshipi wa kuvulia samaki, na asubuhi yake ncha ya mkono ilikuwa imeshuka. Mshipi unavutika. Fumua kebo ya breki, tumia uzi mmoja mmoja wa chuma wa ndani yake.

Hatua ya 5: Vizito vya nyuma

Nenda taratibu hapa. Uzito zidisha kwa umbali kutoka katikati ya mnara. Mkono wa mbele una gramu 50, na kitovu cha uzito wake, ukiusawazisha juu ya kidole, kiko sentimita 38: jumla 1,900. Wa nyuma ni gramu 20 kwa sentimita 12: 240. Tofauti ni 1,660, nao ndio mvuto wa mbele kreni ikiwa tupu. Ongeza mzigo wa gramu 20 kwenye sentimita 80, yaani 1,600, unapata 3,260.

Chukua katikati ya 1,660 na 3,260, ambayo ni 2,460, kisha gawa kwa 22, umbali wa mahali vizito vinapokaa. Jibu ni karibu gramu 112.

Vizito tulivimimina kwenye visanduku vya ndani vya kiberiti, tukavitandikia nailoni ili karatasi isilowe. Saruji moja, mchanga mbili. Kila kimoja kilitoka na gramu 33, vikatosha vitatu na kipande kidogo cha gramu 13 tulichokisugua kwenye sakafu mpaka kikafika.

Sasa kosa langu. Niliweka vizito vyote kabla ya kufunga mkono wa mbele. Kitako hakikutikisika, ila pini ya nondo iling'oka kwenye kibao cha juu kinachobeba mikono, kichwa chote kikaanguka na kuvunja kilele. Gundi nyeupe haishiki chuma. Tulirudia kwa epoksi, na safari hii tukafuata utaratibu wa kreni halisi: mkono wa nyuma kwanza, kizito kimoja tu, halafu mkono wa mbele, ndipo vizito vilivyobaki.

Hatua ya 6: Kamba na kitoroli

Kapi tengeneza kwa vifungo: viwili vikubwa, kidogo katikati. Kamba itoke kwenye bobini, ipite kapi ya kwanza ya kitoroli, ishuke kwenye kapi ya kulabu, ipande kapi ya pili ya kitoroli, kisha iende kufungwa kwenye ncha ya mkono. Usiifunge kwenye kitoroli chenyewe. Ikiishia kwenye ncha, kitoroli kinaweza kwenda mbele na kurudi nyuma bila kulabu kupanda wala kushuka, maana kamba inayopungua upande mmoja inaongezeka upande wa pili. Bobini ya pili ni ya kuvutia kitoroli.

Hans Liebherr, mjenzi wa Ujerumani, alitoa kreni yake ya mnara ya TK 10 mwaka 1949, inayohamishika na kufungwa upya eneo jingine la ujenzi, wakati miji ya kwao ikijengwa upya baada ya vita. Nilimweleza binti yangu hayo tukiwa tumekaa juu ya matofali, kreni yetu ikipandisha kitofali cha kwanza.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Tanga:* Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Kwa nini usiweke uzito wa kutosha kusawazisha mzigo wote?

Marahaba mwanangu. Kwa sababu kreni haibebi wakati wote. Ukisawazisha mzigo kamili, siku ikiwa tupu itavutwa nyuma kwa 1,600 yote. Ukichukua katikati, ikiwa tupu inavutwa nyuma 800, ikibeba inavutwa mbele 800. Mnara unachoka nusu. Ukiweza kutazama kreni kubwa kwa umakini ikiwa haina mzigo, utaona imeegemea nyuma kidogo.

*Kutoka Mombasa:* Kaka, pole na mjengo. Kulabu yangu inajizungusha hadi kamba mbili zinasokotana. Babangu alikuwa baharia wa jahazi, aliniambia ni kapi, lakini nimezibadilisha mara mbili.

Nishapoa ndugu yangu. Kapi hazina kosa, angalia kamba. Uzi uliosokotwa ukibeba mzigo unataka kufumuka, na kulabu inaufuata. Tafuta uzi uliosukwa kama ukili. Pia kapi mbili za kitoroli ziachanishe, zetu ziko sentimita 2. Mzee atakubali, maana hata henza ya jahazi (kamba ya kupandishia tanga) ikianza kujisokota, foromali (boriti inayoshika tanga) haipandi.

*Kutoka Dodoma:* Nami naongeza chumba. Mafundi hawakasiriki ukiwachotea zege? Na mtoto eneo la ujenzi si hatari?

Dada, usichote katikati ya kazi. Subiri wamalize, omba kilichobaki kwenye karai. Kuhusu mtoto tumeweka sheria: viatu vya kufunika, hasogei chini ya mirunda mafundi wakiwa juu, na saruji mbichi haigusi kwa mikono mitupu kwa sababu inaunguza ngozi. Nondo nilimpelekea fundi wa kuchomelea akaikata.

*Kutoka Mwanza:* Mota je?

Ya redio ya kaseti inatosha, ila inazunguka haraka mno. Ipunguze kwa mpira na gurudumu kubwa. Ukiiweka mkono wa nyuma, ipime na urudie hesabu ya hatua ya 5.

*Kutoka Muscat:* Assalaam alaykum. Hapa dirishani kwangu kuna kreni tatu. Usiku hakuna mtu, lakini asubuhi nazikuta zimegeuka zote upande mmoja. Nani anazigeuza?

Waalaykumu salaam. Upepo. Mwendeshaji akimaliza kazi huachia breki ya kiuno makusudi, ili mkono ufuate upepo kama kijogoo cha juu ya bati. Ukifungwa, upepo utaupiga ubavuni, ambako eneo ni kubwa, na mnara unaweza kuangushwa. Tulijaribu kwa feni ya mezani: kiuno kikiwa huru, mkono uligeuka na kutulia, nilipokishika kwa vidole, mnara mzima ulianza kutetemeka. Beringi zako zikiwa safi utauona mkono ukigeuka hivyo, hivyo zioshe kwa mafuta ya taa kabla ya kuzifunga.