Maiki ya wayalesi inakwaruza? Anzia hapa kabla hujamlaumu mwimbaji

Wadau, hii naiandika kwa mafundi mitambo wenzangu wa bendi, na wa kwaya pia, maana wikiendi haipiti sijapigiwa simu saa mbili usiku, "kaka maiki zinasumbua, nifanyeje?" nikiuliza zinasumbuaje mtu ananijibu "zinasumbua tu yaani." Sasa hapo nakusaidiaje? Makelele yana aina zake, kila aina ina dawa yake, na ukianza kuzungusha vitufe kabla hujajua ni ipi utamaliza shoo nzima unakimbizana na kivuli.

Kuna siku tulifunga mitambo kwenye sendoff Sinza, ukumbi umegusana ukuta na ukumbi mwingine. Saundi cheki mchana safi kabisa. Usiku bendi iko katikati ya wimbo, mara spika zetu zinatoa sauti ya mwanaume: "tunamuomba shangazi asogee mbele apokee keki yake." Bendi kimya, na shangazi wa upande wetu akainuka kweli, anatengeneza mtandio. Kumbe MC wa ukumbi wa jirani ana maiki kwenye masafa yaleyale ya kwetu, mchana alikuwa hajafika.

Hatua ya 1: zima maiki, iache risiva

Hiki ndo kipimo changu cha kwanza na kinachukua nusu dakika. Zima maiki zote, risiva (vile viboksi vinavyopokea sauti ya maiki) ziache zinawaka, alafu tazama taa za RF (zinazoonyesha nguvu ya mawimbi yanayoingia). Maiki imezimwa lakini taa za RF zinapanda? Basi kuna mtu au kitu kingine kinarusha kwenye masafa yako, tatizo liko hewani. Taa zimelala ila kwenye spika bado unasikia "mmmm"? Hilo sio la hewani, chomoa waya wa risiva kwenye miksa (shusha feda, kile kitelezi cha sauti, kwanza jamani, usitupasue masikio), mlio ukiisha jua unatoka kwenye risiva, adapta au waya wake, usipoisha uko kwenye miksa au umeme wa ukumbi. Na kama maiki ikiwa imezimwa kila kitu kimya, ukiiwasha inakatakata "kha... kha..." hasa mwimbaji akisogea mbali, hapo mawimbi hayafiki vizuri, shida ni antena, betri au umbali. Ikiwa inatoa "shhhh" ya kudumu chini ya sauti, angalia geini (kiwango cha sauti inayoingia).

Hatua ya 2: tafuta masafa matupu, na utafute ukiwa palepale

Risiva nyingi za siku hizi zina skani. Zima maiki ZAKO ZOTE kwanza, kisha skani, maana wengine wanaskani huku maiki moja iko mkononi mwa rapa inawaka, risiva inakwepa maiki yake yenyewe. Washa LED skrini, taa za jukwaa na kila kitu kitakachowaka usiku ndo uskani. LED skrini za bei chee zinamwaga uchafu wa mawimbi balaa, nimeshaona skrini inawashwa tu taa za RF zinapanda mbili tatu bila maiki yoyote.

Jua pia unagombania nafasi na nani. Maiki nyingi za UHF (masafa ya juu ya redio) ziko humo humo kwenye masafa ya TV, kuanzia 470 hadi 694 MHz, na chaneli moja ya TV inakula 8 MHz nzima. Dar tulizima TV za analojia tarehe 31 Desemba 2012, watu wakadhani hewa imebaki tupu, wapi, ving'amuzi vya antena vinapokea humo. Huko juu, 700 na 800, wamepewa mitandao ya simu. Kwa iyo ukikutana na maiki yuzdi Kariakoo, kubwa, jina zuri, bei ya kutupa, geuza usome stika, ikianza na 7 au 8 muulize muuzaji vizuri. Utaipima dukani itaimba, ukumbini mchana itaimba, usiku watu mia tano wameingia na simu, nusu yao wako laivu Instagram, ndo utajua kwa nini iliuzwa.

Za 2.4 GHz nazo, zile ndogo zisizohitaji kuseti kitu, zinagombana na Wi-Fi na hotispoti za watu. Kwa mazoezi au kikao sawa. Kwa bendi kwenye ukumbi uliojaa mimi sipandi nazo jukwaani.

Hatua ya 3: usipange maiki kwa nafasi sawasawa

Hapa ndo wengi wanapigwa, tena wale wanaojiona wako makini. Maiki mbili zikiwaka pamoja zinazaa masafa mengine ya tatu ambayo hamna mtu kayaweka. Hesabu yake rahisi: chukua ya kwanza mara mbili, toa ya pili. Tuseme una 607, 609 na 611 MHz, umeziachia 2 kila moja, unaona umepanga vizuri. Haya piga: 609 mara mbili ni 1218, toa 607 unapata 611. Hiyo ni maiki yako ya tatu! Toa 611 unapata 607, hiyo ya kwanza. Na 607 jumlisha 611 toa 609 unarudi 609. Yaani zote tatu zinakanyagana zenyewe kwa zenyewe bila jirani kuhusika. Sasa ya tatu isogeze 612.2, piga hesabu tena, hakuna kinachoangukia juu ya maiki yoyote.

Ukiwa na nane huwezi kukaa unapiga hesabu kwenye boksi la sigara. Tumia magrupu ya masafa yaliyomo ndani ya risiva, weka zote GRUPU MOJA chaneli tofauti, kiwanda kimeshakupigia hesabu, ila iyo inafanya kazi zikiwa za aina moja. Ukichanganya kampuni kuna programu ya bure ya Shure inaitwa Wireless Workbench, inakupangia kwenye laptop. Na zile seti za masafa yaliyofungwa, yasiyobadilishwa, ukinunua ya pili nenda na ya kwanza mkononi mlinganishe namba, nimeona mtu kanunua boksi mbili zinafanana hadi masafa.

Alafu maiki zinazowaka usizirundike kwenye kikapu kimoja pembeni ya jukwaa, zikigusana ndo zinazaa zaidi.

Hatua ya 4: risiva isogee, antena zionekane

Sijui nani alitufundisha kuficha risiva nyuma ya spika ya besi karibu na amplifaya. Mawimbi ya 500 MHz yana urefu kama sentimita 60 hivi na mwili wa mtu, ambao ni maji matupu, unayanywa. Ukumbi ukiwa mtupu risiva iko mita 30 huko kwa miksa inapokea vizuri, watu wakisimama kucheza umejengewa ukuta wa nyama. Weka risiva pembeni ya jukwaa, urefu wa kuzidi vichwa, alafu uvute waya wa sauti mrefu mpaka kwa miksa, kuliko kuvuta waya mrefu wa antena, maana waya mwembamba wa antena unakula mawimbi njiani. Antena zifungue kama herufi V, zisiguse chuma wala zisigusane. Transmita ya ini-ia monita (inayorusha sauti kwenye spika za masikioni za wanamuziki) ikae mbali na risiva, walau mita mbili tatu.

Kama unapiga sana ufukweni, Kunduchi au Kigamboni, fungua viungo vya antena uvitazame, hewa ya chumvi inaweka ukungu wa kijani humo. Futa na spiriti.

Hatua ya 5: mkono, betri, jasho

Tazama rapa anavyoshika maiki. Wengi wanaishika mkiani, na maiki nyingi antena iko hukohuko, kila akifunga kiganja RF inashuka. Mwambie kwa upole, au mfungie teipu ya rangi umwambie mkono usivuke hapa. Betri mpya kila shoo, sio "bado ina vidoti viwili." Bodipaki (kile kiboksi cha kurusha sauti kinachovaliwa kiunoni) inayolowa jasho huwa inaanza na kukwaruza kabla haijafa, na mafundi wa zamani wanaivalisha kondomu isiyo na mafuta. Cheka ukimaliza, lakini inafanya kazi.

Hatua ya 6: geini, halafu mlio wa umeme

Mwambie mwimbaji aimbe kwa nguvu zake zote za usiku, sio "cheki wan tu." Taa nyekundu ikiganda shusha geini kwenye maiki yenyewe, isipogusa kabisa pandisha. Ukiiacha chini ukaja kuinua kwenye miksa unainua na ile "shhhh." Nyuma ya risiva kuna swichi ya laini (sauti yenye nguvu) na maiki (sauti dhaifu), ukituma laini kwenye tundu la maiki sauti inapasuka na utadhani spika imechanika.

Ule mlio mnene wa "mmmm" wa 50 Hz, badilisha kwanza jeki kwa waya wa XLR (ule wa pini tatu), kisha jaribu adapta nyingine, kisha hakikisha risiva na miksa zinakula soketi moja. Usivunje pini ya ethi (ile ya usalama kwenye plagi). Nimesikia wanaisifia, mlio unaisha kweli, ila jenereta ikizingua njia ya umeme inabaki ni midomo ya mwimbaji wako aliyeigusisha maiki huku kashika gita.

Hatua ya 7: skwelchi, mwisho kabisa

Kitufe cha skwelchi (kinachonyamazisha risiva mawimbi yakiwa dhaifu) ndo wengi wanaanza nacho. Ukikipandisha kelele zinanyamaza na umbali wa maiki unapungua hapohapo, kwa iyo kiguse kidogo tu, baada ya hayo mengine yote. Kisha washa maiki zote, mpe kijana mmoja atembee nayo jukwaa zima akihesabu kwa sauti, wewe usiangalie uso wake, macho kwenye taa za RF.

Mimi sa hivi nikimaliza naandika masafa yote kwenye teipu, nabandika juu ya risiva, alafu naenda ukumbi wa jirani kumsalimia fundi wao na kumuuliza yeye yuko wapi. Yule wa Sinza tulihama 1.5 MHz tu, tukaendelea. Shangazi alishakaa zake, kanuna.