Zuia maji ya kwanza ya bati yasiingie tankini

Mvua za mwanzo Tabora, mwezi wa 11, huosha bati kwanza: vumbi, kinyesi cha ndege, majani ya mwembe. Kabla bomba la gata halijafika tankini, funga tii (kiungo cha bomba chenye njia tatu), ushushe kipande cha bomba la plastiki (PVC) cha inchi 4, urefu mita 2.5. Kinabeba lita 20 hivi, yaani nusu lita kwa kila mita ya mraba kwa paa la mita za mraba 40. Kikijaa, maji safi ndiyo yanaendelea tankini. Kikaze ukutani, kikijaa ni kilo 20.

Chini weka kifuniko cha kufungua, ukitoboe tundu la milimita 3 kwa msumari wa moto, kijimwage polepole. Tundu hilo ndilo korofi: tope likiliziba, kipande hicho hubaki kimejaa, na uchafu wa mvua inayofuata unapita moja kwa moja. Chandarua chakavu mdomoni mwa gata husaidia.