SOMO: Kupiga kambi na RV kwenye miji ya dhahabu ya California, Barabara ya 49

Wakuu, salaam.

Kila shule zikikaribia kufungwa napokea ujumbe ule ule: "Tunataka kukodi RV tuwapeleke watoto kwenye miji ya dhahabu California, tuanzie wapi?" Nimemjibu mmoja mmoja vya kutosha. Leo naweka yote hapa, na atakayeuliza jambo ambalo limo humu nitamrudisha humu.

Kwa wageni wa habari hii: RV ni gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Na historia ni hii: tarehe 24 Januari 1848, James Marshall aliokota chembe za dhahabu kwenye mfereji wa kiwanda cha kupasulia mbao cha John Sutter, pale Coloma, kando ya Mto American. Mwaka uliofuata watu wakamiminika kutoka pande zote za dunia, na ndiyo maana barabara inayounganisha miji ile ikapewa namba 49. Inaanzia Oakhurst, karibu na hifadhi ya Yosemite, inakwenda kaskazini karibu maili 300 hadi Vinton. Humo njiani mna Mariposa, Sonora, Angels Camp, Jackson, Placerville, Coloma, Auburn, Grass Valley na vingine vingi.

Msimamo wangu nautanguliza: RV ni nyumba, si gari la matembezi. Usiikokote nyumba kupita miji yote ile. Chagua kambi mbili, moja kaskazini na moja kusini, iegeshe, kisha tembea kwa gari dogo. Kama mnasafiri familia mbili, moja ije na gari lake la kawaida. Kama mko peke yenu, kodini gari dogo la siku mbili tatu. Hela hiyo haipotei.

1. Msimu. Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, au mwisho wa Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 100 za Fahrenheit na nyika inashika moto.

2. Gari. Chukua aina ya C, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, futi 22 hadi 25. California leseni ya kawaida inatosha kwa RV isiyozidi futi 40, lakini kuruhusiwa si kuweza.

3. Pima mwenyewe. Usiamini karatasi ya kampuni. Pima kutoka bampa ya mbele mpaka ncha ya kibebeo cha baiskeli, kisha pima kimo mpaka juu ya kiyoyozi cha paani. Andika namba zote mbili, bandika kwenye dashibodi.

4. Nafasi ya kambi. Kambi za jimbo ziko kwenye tovuti ya ReserveCalifornia, za serikali kuu ziko tovuti ya Recreation.gov, na sehemu nzuri huanza kushikwa miezi 6 kabla. Hifadhi za kihistoria za Coloma na Columbia hazina kambi ya RV ndani; utalala kambi za watu binafsi zilizo jirani, na nyingi zina umeme, maji na bomba la majitaka. Kwa kusini mimi napenda Ziwa New Melones, kambi za Glory Hole na Tuttletown, kati ya Angels Camp na Sonora. Hapo hakuna umeme wa kuchomeka, ila unaamka unaangalia maji. Kila kambi ina kikomo cha urefu wa gari kwa kila kiwanja. Kisome kabla ya kulipa.

5. NJIA. Someni hapa taratibu.

Hatua hii ndiyo iliyotuharibia safari ya kwanza. Tulikuwa tunatoka Yosemite kwa Barabara ya 120, tunashuka kuelekea Moccasin ili tuishike 49. Simu ikachagua Old Priest Grade kwa sababu ni fupi, nami nikaifuata. Ile ni njia ya zamani, nyembamba, inayoporomoka kama maili 2 hivi bila kupumzika, wakati pembeni yake ipo New Priest Grade, ndefu na yenye kona nyingi lakini mteremko wake ni wa kistaarabu. Kabla hatujafika katikati pedali ya breki ikaanza kulainika. Kila nikikanyaga inazama zaidi ya mara iliyotangulia, na harufu kama ya kitambaa kinachoungua ikajaa ndani. Mke wangu akawashika watoto mikono. Tulifika chini tukiwa na breki kidogo sana, na magurudumu ya mbele yanatoa moshi.

Kwa hiyo:

Simu ya kawaida haijui kuwa unaendesha nyumba. Tumia programu ya ramani inayokubali uingize urefu, kimo na uzito, na hata hiyo uikague kwa macho yako usiku wa kuamkia safari.

Ingiza gia ndogo KABLA ya mteremko kuanza. Ukisubiri mpaka gari limeshika kasi umechelewa. Ukisikia injini inanguruma usiogope, ndiyo kazi yake. Usikae na mguu juu ya breki muda wote. Kanyaga kwa nguvu, punguza mwendo, achia, ziache zipoe.

Ukinusa harufu hiyo, toka barabarani penye nafasi ya kwanza, usubiri mpaka zipoe kabisa. Usimwagie maji breki zenye moto.

Yakikusanyika magari 5 nyuma yako kwenye barabara ya njia mbili, sheria ya California inakutaka uyapishe penye kituo cha kupishia. Pisha. Anayekusukuma kwa nyuma ndiye anayekufanya ushuke haraka kuliko uwezo wako.

Vipande vya 49 ambavyo kwa RV naviepuka: Mariposa hadi Coulterville, inaposhuka korongoni mpaka Mto Merced pale Bagby, na Auburn hadi Cool, inaposhuka kwenye makutano ya Mto American. Vyote vizuri mno kwa gari dogo. Ukihama kutoka kambi ya kaskazini kwenda ya kusini, shuka bondeni kwa barabara kuu ya I-80 hadi Sacramento, fuata Barabara ya 99 mpaka Manteca, kisha panda kwa za 120 na 108 kupitia Oakdale hadi Sonora. Haina mandhari ya kupiga picha, lakini utafika.

6. Maji, gesi, jenereta. Jaza tangi la maji na la gesi mjini kabla ya kupanda. Kwenye hifadhi za jimbo jenereta hairuhusiwi kati ya saa 2 usiku na saa 4 asubuhi.

7. Cha kuona. Coloma, alipookotea Marshall. Columbia, mji wa wachimbaji uliohifadhiwa, barabara kuu haipiti magari. Empire Mine pale Grass Valley, ulichimbwa kuanzia 1850 hadi 1956 na una maili 367 za mahandaki. Jackson, magurudumu ya mbao ya mgodi wa Kennedy, kipenyo futi 58, yaliyokuwa yakipandisha tope la mabaki kulivusha kilima. Jirani yake ni mgodi wa Argonaut, ambako moto wa 1922 uliwaua wachimbaji 47 chini ya ardhi. Waelezeni watoto na hilo, wasidhani dhahabu ilikuwa mchezo.

8. Kuosha dhahabu. Pale Coloma ipo sehemu iliyotengwa kwa kazi hiyo, na sheria ni mikono na karai tu. Hakuna sepetu, hakuna mashine. Nje ya hifadhi usiguse mto mpaka ujue kama pana kitalu cha uchimbaji cha mtu. Jaza karai nusu, lizamishe, ponda udongo kwa vidole mpaka maji yawe matope, tupa mawe. Tikisa kushoto na kulia ukiwa umelizamisha ili kizito kitue chini, ndipo uinamishe na kuacha maji yachukue cha juu. Utabaki na mchanga mweusi kijiko kimoja. Uzungushe na maji kidogo: mchanga unakimbia, dhahabu inabaki nyuma. Kinachometameta juani na kuzima kivulini ni mika, vipande vya mawe vinavyong'aa tu. Dhahabu rangi yake haibadiliki.

Maswali karibu.

MASWALI NA MAJIBU

Chapakazi_TX: Mkuu umewatisha watu bure. Mimi naendesha semi, lori la trela, mwaka wa ngapi huu, hizo kona ni za kawaida tu.

Jibu: Semi lako lina breki ya injini, nawe umefundishwa kuitumia. RV ya kukodi ni injini ya petroli, breki za kawaida, na dereva aliyeishika asubuhi ile ile. Somo hili ni lake, si lako. Sipunguzi hata neno.

Chapakazi_TX: Sawa, hapo nakubali. Basi niongezee moja: wakisimama mapumzikoni wapitishe kiganja karibu na kila rimu, bila kugusa. Moja likiwa na joto kuliko mengine, breki ya gurudumu hilo inang'ang'ania. Na upepo wa matairi wapime asubuhi yakiwa baridi.

Jibu: Hiyo ni ya dhahabu mkuu. Wote nakilini.

Baba_Swaumu: RV ya futi 34 itaingia kambi ya hifadhi ya Calaveras Big Trees?

Jibu: Hatua ya 4, sentensi mbili za mwisho. Kikomo kimeandikwa pale unapoweka nafasi.

Baba_Swaumu: Nimeuliza tu kaka, ungejibu ndiyo au hapana.

Jibu: Kila kiwanja kina kipimo chake, kaka. Nikikwambia ndiyo ukafika ukarudishwa getini usiku na watoto, utanilaumu mimi. Soma kipimo cha kiwanja unacholipia.

Mama Wawili, Columbus: Asante sana kaka. Mimi naogopa lile tangi la choo. Tukiwa kwenye kambi yenye bomba, tuache koki wazi muda wote au tufunge?

Jibu: Dada, umeuliza jambo ambalo wengi hawaliulizi mpaka wamechelewa. Funga. Ukiacha koki ya choo wazi, maji yanatoka peke yake na uchafu mzito unabaki, unajijenga kichuguu chini ya choo, na kukitoa ni kazi. Acha tangi lijae zaidi ya nusu, ndipo ufungue la choo kwanza. Likiisha, fungua la maji ya jikoni na bafuni yasafishe mpira wa kumwagia. Vaa glavu, na mpira wa maji ya kunywa usiwe huo wala usikae kasha moja na huo. Baada ya kumwaga, rudisha maji kidogo tangini na dawa yake.

Mama Wawili, Columbus: Na watoto mtoni?

Jibu: Majira ya kuchipua maji yale ni theluji iliyoyeyuka, yanakimbia na yanagandisha. Maboya wavae hata kama wanaosha mchanga ukingoni. Na kwenye Mto American maji hupanda yakifunguliwa kutoka mabwawa ya juu, kwa hiyo jiwe lililokuwa kavu asubuhi linaweza kufunikwa mchana. Waonyeshe pia majani ya poison oak, mmea unaowasha ngozi, matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Wasiguse, hata yakiwa mekundu na ya kupendeza.

Mjanja_ATL: Kwa hiyo tukikaza wiki nzima dhahabu italipa gharama za safari?

Jibu: Hapana.

BintiGeita: Shikamoo. Mimi niko Geita, RV sina, ila baba ni mchimbaji mdogo na nimesoma somo lote. Wale wa zamani walitumia zebaki kama huku kwetu? Na mawe walisagaje bila karasha?

Jibu: Marahaba mwanangu, karibu sana. Walitumia, tena kwa wingi. California ilikuwa na mgodi wake wa zebaki, New Almaden, karibu na San Jose. Waliimwaga kwenye masanduku ya kuoshea ili ikamate dhahabu laini, na nyingi ikatorokea mitoni. Ipo mpaka leo kwenye mchanga, na baadhi ya maziwa ya huku yana maonyo kuhusu samaki wa kuliwa. Anayeosha akiona tone la fedha linatembea karaini asiliguse kwa mkono, wala asithubutu kulichoma. Mwambie baba asichome zebaki ndani ya nyumba wala karibu na chakula. Ule mvuke ndio unaoingia mwilini.

Mawe waliyaponda kwa mtambo wa nyundo nzito za chuma zilizopangwa safu, gurudumu la maji au mvuke likiziinua na kuziachia, kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Mbaya zaidi ilikuwa mizinga ya maji iliyobomoa milima mizima. Ukiona picha za Malakoff Diggins, mahali palipobomolewa hivyo, utaona jeraha lenyewe. Tope lake lilizika mashamba ya bondeni, wakulima wakashtaki, na mwaka 1884 Jaji Lorenzo Sawyer akapiga marufuku kumwaga mabaki mitoni.

BintiGeita: Asante sana. Na watu weusi walikuwepo?

Jibu: Walikuwepo, huru na watumwa. Ukisoma habari za Coloma mtafute Nancy Gooch. Aliletwa pale 1849 akiwa mtumwa, akapata uhuru California ilipoingia kuwa jimbo mwaka 1850. Akafua nguo na kuwapikia wachimbaji, akadunduliza mpaka akamleta mwanawe Andrew Monroe na familia yake kutoka Missouri. Ukoo huo ukanunua ardhi kidogo kidogo, na hatimaye ukamiliki hata pale dhahabu ilipookotwa, kabla ya jimbo kupachukua kuwa hifadhi. Makaburi yao yako Coloma. Wakuu mnaokwenda, msiishie kwenye sanamu ya Marshall.

Kaka_Minneapolis: Nyama choma je? Nina jiko langu la mkaa.

Jibu: Wakati wa marufuku ya moto mkaa na kuni haviruhusiwi, na marufuku inaweza kutangazwa wakati wowote wa kiangazi. Beba jiko la gesi la mezani, mara nyingi hilo linakubaliwa, lakini uliza getini siku hiyo hiyo.

Mama Wawili, Columbus: Na ugali kwenye jiko la ndani unawezekana?

Jibu: Unawezekana, ila moto ni mdogo na sufuria kubwa haikai. Pika wa watu watatu watatu, fungua dirisha, washa feni ya juu. Samaki wakaangie nje, king'ora cha moshi cha RV kinalia kwa mafuta kidogo tu. Unga beba kutoka kwako Columbus. Kwenye vile vimji utakuta unga wa mahindi wa njano wa kuokea mikate, na huo haushikani.